Baba Alivyoitoa Fimbo ya Njia

Ofisi ya reli imechapisha kijitabu cha historia ya tawi letu, lile la reli nyembamba lililofungwa. Karatasi inang'aa, picha za rangi. Ukurasa wa tisa, ulioandikwa na mhandisi wao, unasema tawi lilikufa kwa "uzembe wa dereva" aliyepindua treni kwenye kona ya machimbo. Dereva huyo ni baba yangu mdogo. Huyo mhandisi nikikutana naye nitamwambia usoni kwamba ni mwongo.

Baba alikuwa stesheni masta wa stesheni ya mwisho kwa miaka thelathini na moja. Suruali yake ilinyooshwa kwa pasi mpaka mama akamtania kwamba hata kulala analala wima. Roho ya kazi yake ilikuwa fimbo moja ya chuma. Njia ilikuwa moja na fimbo moja. Dereva asiyekuwa nayo haingii, treni mbili zisije zikakutana uso kwa uso. Wakati wa kupokezana, stesheni masta na dereva huishika wote wawili, mmoja akasema hali ya njia, mwenzake akaamini. Hakuna kilichoandikwa. Mtu wa kusema uongo huku ameishika ile fimbo alikuwa hajazaliwa.

Mataruma ya ile kona, yale magogo yanayolaliwa na reli, yalikuwa yameoza. Baba aliripoti mara saba, ofisini wakatia pamba masikioni. Siku mabehewa mawili yalipolala ubavu, baba mdogo alifukuzwa kazi, na mtaani wakambatiza Pindua. Wanawe waliitwa hivyo hadi shuleni.

Tawi likafungwa. Mwaka uliofuata mhandisi huyohuyo akaja na treni ya kung'oa reli. Baba alikuwa amestaafu, lakini fimbo alikuwa nayo, na akagoma kuitoa.

"Mzee, njia imeshafungwa. Fimbo ya nini tena?"

"Muulize dereva wako."

Dereva, aliyefundishwa kazi na baba mdogo, akazima injini, akakunja mikono. "Bila fimbo siingii, bosi."

Baba alitaka jambo moja tu: wakaikague kona pamoja, na ukweli uandikwe. Wakaenda kwa miguu. Mhandisi akapiga taruma teke, kiatu kikazama. Kisha, fimbo ikiwa mikononi mwao wote wawili, akasema, "Nimeona, mzee. Nitaandika."

Baba akaiachia. Hakudai karatasi wala sahihi. Hasira yangu nyingine iko hapo, Mungu anisamehe. Wiki hiyohiyo mataruma yakachomwa moto palepale.

Kijitabu kilipotoka, baba alikipeleka mwenyewe kwa mdogo wake. Nilimsindikiza. Baba mdogo akausoma ukurasa wa tisa akiwa mlangoni, akaurudia, akakifunga kijitabu.

"Kaka, fimbo ulikuwa nayo mkononi."

"Nilikuwa nayo."

"Ukampa."

"Aliishika, mdogo wangu. Aliniambia huku ameishika."

Baba mdogo akaingia ndani, tukasikia komeo. Baba akaendelea kujieleza mbele ya mlango uliofungwa.