Maua ya Mama kwa Kristo Mfalme

Nilikuwa zamu kiwandani Nyakato mdogo wangu Nestory aliponipigia simu. Nilitoka nje ili nimsikie. "Dada Angela, Mama ametutoka. Alikunywa uji, akalala, hakuamka tena." Nilikaa chini kando ya ukuta, nikafanya ishara ya msalaba. Katikati ya machozi, sala ya kwanza iliyonijia ilikuwa ya shukrani, kwa sababu ya Jumamosi ile mlimani.

Mama yetu, Bernadetta, alizaliwa Kagera kwenye migomba, ambako kijani hakikauki mwaka mzima. Baba, Luhaga, fundi mwashi, alimwoa akamleta Igoma, chini ya mlima wa mawe. Mama alituambia kwamba kiangazi cha kwanza alilia. Nyasi zilivunjika ukizikanyaga. Kisha mvua za Novemba zikaanza, na siku chache baadaye akakuta ua jekundu, la mviringo kama mpira, lenye nyuzi nyembamba zisizohesabika, limechomoza kati ya mawe kabla hata ya majani yake. Alipiga magoti palepale.

"Kwetu sikuwahi kumwona Mungu akifanya kitu kwa ghafla hivyo," alisema.

Aliuza ndizi za kupika sokoni, akatulea sisi wawili, na kila mwaka alikuwa na shauku moja: kupamba altare kwa maua ya mlimani Jumapili ya Kristo Mfalme, mwishoni mwa Novemba. Ilikuwa lazima iwe siku hiyo, kwa sababu Jumapili inayofuata huanza Majilio, majuma ya kungoja Noeli, na parokiani kwetu altare haiwekwi maua tena hadi Noeli. Mvua ikichelewa, basi, hadi mwakani.

Mwaka huu moyo wake ulikuwa umechoka, miguu imevimba. Daktari alituambia ukweli, naye akausikia. Hapakuwa na mwakani. Na mvua ikachelewa. Kila jioni alitazama mawingu upande wa ziwa. Teodora, jirani yetu na mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani, alimtania: "Mama Angela, mwaka huu Kristo Mfalme mpe ndizi tu."

"Nitampa, ila si kama zile ulizopika jana. Zile hata mbuzi alizikataa."

Hatimaye ilinyesha, tena kubwa. Jumamosi, kesho yake ikiwa sikukuu, Nestory alimbeba Mama mgongoni kupanda mlima. Mimi nilifuata na kisu na ndoo ya maji.

"Taratibu wewe, umebeba mama, si mkungu."

"Mkungu haupigi kelele, Mama."

Tukafika juu. Kila ufa wa jiwe ulikuwa na ua jekundu. Chini yake vilijaa vijiua vya njano vidogo kama punje za mtama, na juu ya vyote vipepeo weupe. Walikuwa wanapita kuelekea ziwani, bila mwisho. Kundi lilishuka, likanywa, likaondoka, jingine likashuka mahali pake. Walitua kwenye kitenge cha Mama, kwenye kilemba, kwenye vidole vyake vilivyovimba. Nilisoma biolojia hadi kidato cha nne. Pale sikukumbuka neno hata moja.

Nilipochomoa kisu, Mama alinishika mkono.

"Acha."

"Mama, sikukuu ni kesho."

"Najua. Lakini wageni bado wako mezani. Utaondoaje chakula?"

"Na Kristo Mfalme?"

"Amefika hapa kabla yetu."

Tulikaa naye hadi jua lilipokuwa kali. Jumapili altare ilipambwa kwa maua ya kununua. Nje ya kanisa Teodora alimuuliza, "Maua yako wapi, Mama Angela?"

"Nimeyaacha yanasali," alijibu, akacheka hadi akakohoa. Jumanne akafariki.

Akina mama wa jumuiya walitaka kwenda mlimani kukata maua ya kaburi. Baba alikataa. "Mwenyewe aliyaacha," alisema.

Tulimzika Alhamisi alasiri. Padri alinyunyiza maji ya baraka juu ya jeneza. Baba alitupa udongo wa kwanza, nikafuata mimi, kisha Nestory. Vijana walishika makoleo, nasi tukaimba mpaka shimo likajaa. Msalaba wa mbao wenye jina lake ukasimikwa, likawekwa shada moja la plastiki lililonunuliwa Buzuruga. Katekista aliwashukuru watu, tukarudi nyumbani kwa miguu.