Kabla hujatia saini, pitia kwa Pierrette

Saa mbili asubuhi, soko la samaki la Kashikishi, nchini Zambia, limeshachangamka. Wachuuzi wanamwaga chisense, dagaa wa Ziwa Mweru, juu ya magunia. Kando ya banda la chumvi, Pierrette Kyungu anafuta meza kwa kipande cha kitenge, anaweka kikokotoo chake cha hesabu za mikopo na kumkaribisha mteja wa kwanza.

"Ikala, mama. Bamekuambia utarudisha ngapi kwa mwezi?"

Kwa kwacha kumi, mwanamke huyu wa miaka 46 humweleza mtu mkopo anaoutaka utamgharimu kiasi gani hasa.

Alikuwa mhasibu wa ushirika wa wavuvi huko Pweto, upande wa Kongo. Vita vilipomfukuza alivuka mpaka na watoto watatu na mfuko mmoja. Sasa analima mihogo kwenye makazi ya wakimbizi ya Mantapala, na siku za gulio huja sokoni.

Mwanzoni wengi walimkwepa. "Balisema mukimbizi anatafuta kula franga yao," anakumbuka, akicheka kidogo.

Mambo yalianza kubadilika Mei mwaka jana, alipofika Olipa Chabu, mjane anayeuza samaki. Olipa alikuwa amepata mtu wa kumkopesha kwacha 12,000 anunue friji kubwa, alipe kwa mwaka mmoja, riba asilimia tano kwa mwezi. Dhamana ilikuwa nyumba yake.

Pierrette aliingiza mkopo, miezi kumi na miwili na rejesho la kwacha 1,600 kwa mwezi, kisha akaiuliza mashine riba. Ikatoa nane na ushee.

"Haiko tano, mama. Banahesabu riba juu ya franga yote, hata ile ulisharudisha."

"Awe, mayo," Olipa alikataa. "Yule tunasali naye. Atanidanganya mimi?"

"Sisemi ni muongo. Lakini Desemba serikali inafunga ziwa. Miezi tatu bila samaki, hiyo 1,600 itatoka wapi?"

Olipa aliondoka amenuna, hata kumi hakulipa. Pierrette anasema moyo ulimuuma, kwani ndiye Mzambia wa kwanza aliyewahi kumwalika nyumbani kwake kula.

Wiki haikuisha, Olipa akarudi. Usingizi ulikuwa umemhama. Wakakaa na kubonyeza upya, safari hii kwacha 6,000 za friji ya mitumba, kwa miezi sita, ili deni liishe Novemba. Rejesho likawa 1,300. Faida ya Olipa kwa mwezi ilikuwa kama 1,900, basi pumzi ilibaki.

Olipa akauchukua mkopo huo, ila haikuwa mteremko. Oktoba upepo ulichafua ziwa, samaki wakaadimika, na Olipa akauza mbuzi wake wawili kutimiza rejesho. Lakini alimaliza, na ziwa lilipofungwa hakudaiwa na mtu.

"Ningebeba ule mkopo mkubwa, leo ningekuwa napanga chumba cha watu," anasema Olipa, akifunika friji yake kwa gunia lililoloweshwa, maana umeme umekatika.

Tangu hapo meza ya Pierrette haikosi mtu. Anaweka akiba anunue vikokotoo vingine vinne, afundishe wanawake wa Mantapala na wa sokoni, Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa kanisa.

"Sitaki bakuye kwangu siku yote," anasema. "Banamuke bafinye mashine beye benyewe. Mimi nirudie mihogo yangu, inamezwa na majani."