Bukta ya Mfarme

Juzi niliteremka Muhima kununua uzi na zipu, nikaingia saluni kusuka nywele. Televisheni ilikuwa inaonyesha mieleka, na unadhani nani alikuwa amesimama ulingoni, mikono juu, mwili unang'aa mafuta? Kitindamimba wa jirani yetu! Yule yule niliyekuwa nikimbwaga mara tatu kabla uji haujapoa. Roho iliniuma, rafiki yangu, nisikufiche. Msusi akaniambia niache kutikisa kichwa.

Tulikaa Nyakabanda, mimi na bibi yangu fundi cherehani, na kati yetu na jirani palikuwa na ua wa minyaa tu. Jirani alikuwa mpiga mieleka. Baba yake alipiga mieleka Bukavu, na wanawe watatu walikuwa na shingo nene tangu utotoni. "Mtoto wa nyoka ni nyoka," mtaa mzima ulisema. Mimi nilikuwa mjukuu wa cherehani, na hakuna aliyenikumbukia methali.

Wakubwa wakirudi umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, na majembe yao, jirani alitandika uani magodoro mawili ya majani makavu. Mkewe alikuwa jikoni na sufuria ya agatogo, ndizi zinachemka na nyama, harufu yake inavuka ua. Mimi nami nilivuka. Likizo nzima jirani hakutufundisha kitu ila kuanguka. "Anguka kwanza," alisema. "Kurusha iko baadaye." Wanawe walilia, mimi nilianguka nikicheka, basi akanifundisha mimi wa kwanza kuingia chini ya kwapa la mtu, kugeuza nyonga na kumtupa. Siku moja aliniangalia akasema, "Huyu ndiyo mwanangu, sema Mungu alikosea nyumba." Neno hilo nililibeba wiki nzima kama nguo ya sikukuu.

Kisha wakaja watu wa mashindano kutafuta watoto wa kufundishwa. Niliosha miguu, nikasimama wa kwanza kwenye mstari. Jirani akanishika bega akanitoa.

"Wewe binti, rudi kwa bibi. Bukta ya huyu mdogo ikuwe tayari kesho. Andika Mfarme."

"Lakini mzee, mimi namubwaga!"

"Najua," alisema, bila hata kukasirika. "Lakini hii iko kitu ya familia."

Basi nikashona. Bibi alikata satini nyekundu, herufi akaniachia mimi kwa sababu ya macho yake, nami nikaandika kama nilivyosikia: MFARME. Kwetu l na r ni ndugu wanaovaliana viatu, na hata leo nikiwa na haraka ulimi wangu hautofautishi. Jioni mwalimu wetu alikuja kuchukua gauni lake, akaiona bukta, akacheka. Ni Mfalme, alisema. Bibi akanipa wembe nifumue. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikakaa na ule wembe mkononi, kisha nikaikunja bukta ile vile vile. Nilijua ninachofanya. Nilitaka achekwe.

Sasa mtazame kwenye televisheni. Bukta ni mpya, lakini mapajani imeandikwa MFARME kwa dhahabu, na watu uwanjani wameinua mabango ya MFARME, r yangu kubwa kama mlango. Akaingia chini ya kwapa la mpinzani, akageuza nyonga, akamtupa. Saluni yote ikapiga kelele.

"Kumbe hajui kuandika," akasema mama mmoja mwenye rangi kichwani.

Mtangazaji naye akamuuliza habari ya jina hilo. Akacheka, sauti ya baba yake kabisa. "Iliandikwa na dada mmoja wa jirani, alinishonea bukta ya kwanza. Siwezi kubadilisha. Alikuwa fundi mzuri sana, yule."

"Ee, ana moyo!" akasema msusi.

Nikamwinamishia kichwa amalizie kusuka. Minyaa imeng'olewa, pale uani pana ghorofa ya vigae. Bibi hayupo, jirani na mkewe hawapo, na kaka wakubwa wa Mfarme walitorokea mpirani kabla hatujaanza kubwagana. Wanaojua nani alikuwa akimbwaga nani tumebaki wawili tu duniani, na mmoja wetu ameulizwa mbele ya watu wote, akasema mimi ni fundi mzuri.