Miaka ya Bibi na Miaka ya Jina Lake

Mimi ni mama lishe. Napika karibu na chuo, hapa Morogoro mjini, na shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo anayesoma haya anivumilie. Mambo ya nyumbani huwa nayaandika jioni nikishaosha vyombo, na mara nyingi kesho yake nikiyasoma naona nimetia chumvi, nafuta. Hili nimelifuta na kuliandika upya mpaka nimechoka. Nadhani sasa limebaki jinsi lilivyokuwa, ingawa siwezi kuapa.

Lilianzia kwenye benchi langu. Mchana mmoja redio ilikuwa inaeleza habari za mtu mzee kuliko wote walio hai duniani, mwanamke wa nchi ya mbali, mwenye miaka mia na kumi na kitu. Wateja wakaguna. Mimi nageuza samaki kwenye kikaango, nikasema bila kufikiri kwamba huyo bado mtoto, kwa wakwe zangu kule juu ya Mkuyuni tunaye bibi wa mia na thelathini. Watu wakacheka. Mteja mmoja tu hakucheka. Huyo ni mhadhiri, mtu wa Kanda ya Ziwa, mpole, anakula taratibu kama anayehesabu miiba. Akaniuliza ni nani aliyemhesabia bibi hiyo miaka.

Nikasema wote tunajua.

"Sawa mama, wote mnajua," akasema. "Ila wa kwanza kujua, alijuaje?"

Swali likaja nami mpaka nyumbani. Siku zilizofuata alinieleza, kidogo kidogo kila akija kula, kwamba wapo watu duniani ambao kazi yao ni hiyo, kuthibitisha umri wa wazee. Akasema umri wa wazee wengi wanaotajwa hausimami ukichunguzwa mpaka mwisho, na mara nyingi hakuna aliyedanganya. Karatasi za zamani hazipo, au mtu amehesabiwa kwa habari aliyosimuliwa akaidhani ni yake. Yeye hakuwa mmoja wa watu hao wa kazi, lakini alikuwa anaipenda habari hiyo. Akaniomba, kama bibi mwenyewe ataridhia, nimpeleke akamwone.

Sasa niseme ile mia na thelathini ilitoka wapi. Ilitoka kwenye mahindi. Bibi, yaani bibi mzaa mama wa mume wangu, anayo habari anayoisimulia kila mavuno. Wakati wa vita ya Mjerumani na Mwingereza, askari walipanda milimani na wapagazi wao wakichukua chakula nyumba kwa nyumba. "Mimi," anasema bibi, "mtoto yuko mgongoni, nikayahamishia mahindi yote pangoni, halafu nikajifunika kaniki, nikakaa mlangoni mwa pango nalia kilio cha msiba. Wakanipita." Hakuna aliyewahi kuisikia akasahau. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anaendesha bodaboda na kichwa chake ni chepesi. Yeye ndiye aliyekaa akapiga hesabu: vita ile imepita miaka zaidi ya mia, na mwenye mtoto mgongoni hakosi kuwa mtu mzima. Ikatoka mia na thelathini. Hesabu yake nimeirudia mwenyewe, haina kosa. Kitambulisho cha bibi kina tarehe mosi Januari kama vya wazee wengi wa kule, na mwaka wake karani aliukadiria kwa kumtazama usoni. Sisi hatukuutilia maanani.

Bibi aliridhia mara moja. Alisema aje, wageni hawakatazwi. Aliyeogopa ni mimi. Kule juu, watu wakitaka kujua nani ni ndugu wa nani, kijana gani asimwoe binti gani kwa kuwa bibi zao walitoka tumbo moja, wanakwenda kwa bibi. Akisema, imekwisha, hata mahari iliyokwishapelekwa inarudi. Nikamwaza anaambiwa na mgeni, mbele ya ukoo, kwamba mahindi yale hakuyaficha yeye. Neno lake hilo likianguka, mengine yatasimamia nini? Na mgeni huyo kaletwa na nani? Na mimi, mtu wa kuolewa tu, mzaliwa wa Turiani.

Tulikwenda siku ya mapumziko. Pikipiki zilituacha barabara inapoishia, tukapanda kwa miguu katikati ya migomba. Mhadhiri alikuwa na viatu vya ofisini, akateleza, akainuka, hakulalamika. Tulimkuta bibi mkekani anachambua pilipili manga zilizokauka. Mume wangu na shemeji walikuwa wametangulia, na majirani wachache walikuwa wamekuja kuangalia.

Mhadhiri akapiga goti, akatoa shikamoo. Bibi akaitika, akamtazama kuanzia kiatu chenye tope mpaka juu, kisha akanigeukia. Ananiita mke mwenzangu, kwa sababu mjukuu wake ni mume wake wa utani.

"Mke mwenzangu, huyu ndiye anayepima uzee? Mzani ameuacha wapi?"

Nilichopenda kwa yule bwana ni kwamba hakumuuliza bibi ana miaka mingapi. Alimuuliza ana watoto wangapi, nani alimtangulia nani, wepi wametangulia mbele ya haki. Alimuuliza alipokuwa binti walikuwa wanauza nini na wanauzia wapi. Bibi akajibu kila kitu kwa mpangilio, mikono yake haijaacha pilipili. Yule bwana alikuwa anasikiliza zaidi kuliko kuandika. Alipofika kwa kitinda mimba, mimi ndiye niliyejibu, kwa sababu ni mama mkwe wangu na nilimzika mimi na wenzangu. Nikasema angekuwa hai angekuwa na sitini na kitu.

Yule bwana akainua kalamu kutoka kwenye karatasi. Na mimi nikaona alichokiona. Kama bibi ana mia na thelathini, basi mama mkwe alizaliwa bibi akiwa anakaribia sabini. Mimi mwenyewe ni mzazi, na najua tumbo linafunga lini. Nimeishi na hesabu hiyo ndani ya nyumba tangu niolewe, sikuwahi kuiweka pamoja. Nikatamani ardhi ipasuke.

Kabla hajasema neno, ikasikika sauti njiani, mtu anakohoa na kutukana pamoja. Alikuwa bibi wa ng'ambo ya mto, amesikia kuna wageni. Ukoo wake na ukoo wa bibi ni watani. Kwa asiyejua utani, mtani anaweza kukuambia kwenye msiba wa mama yako kwamba marehemu alikuwa mchoyo, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Hawa wawili wamefanyiana hivyo maisha yao yote. Akaketi bila kukaribishwa, akauliza tunatafuta nini. Shemeji akamwambia kwa fahari kwamba bibi yetu anathibitishwa kuwa mzee kuliko wote duniani, mia na thelathini.

"Nani, huyu?" akasema bibi wa ng'ambo. "Basi mimi nilimfundisha Hawa kusuka ukili."

Watu wakacheka, bibi naye akacheka. Lakini mtani akaendelea. Akasema yeye na huyu walichezwa unyago mwaka mmoja, na huyu alilia kuliko wote. Shemeji akamkatiza, akauliza, na mahindi je, na mtoto mgongoni?

"Mtoto mgongoni alikuwa mama yake huyu," akasema bibi wa ng'ambo. "Na aliyembeba ni bibi yake. Huyu amerithi jina. Nyie hamkuambiwa?"

Tuliambiwa. Hilo ndilo la ajabu. Wote tulijua kwamba katika ukoo wao mwanamke mkubwa akifa, jina lake halizikwi. Anachaguliwa mjukuu wa kike, anakalishwa kwenye kigoda cha marehemu, anapewa. Anachukua na nafasi yake yote: aliowazaa ni wanawe, aliowakopesha anawadai yeye, waliomkopesha wanamdai yeye, na aliyoyafanya anayasema "mimi". Tulilijua kama tunavyojua mila nyingine, tukidhani ni jina tu. Hatukufikiri kwamba lile "mimi" la kwenye mahindi lilikuwa la zamani kuliko mdomo unaolisema.

Shemeji akasimama. Sitaki kumsema vibaya, alikuwa ameshawatangazia wenzake wote kijiweni, na aibu ilimkaba. Akasema, si kwa sauti kubwa, "Kwa hiyo miaka yote hii bibi anatudanganya."

Mume wangu alitazama chini. Nilijua majirani waliokuwa pale wangelibeba neno hilo mpaka sokoni Mkuyuni, na kwamba nililileta mimi, na kikaango changu, na mdomo wangu.

Bibi akapukuta viganja.

"Mliniuliza nani aliyeficha mahindi," akasema. "Nikasema mimi. Kuna mmoja wenu aliwahi kuniuliza nilizaliwa lini?"

Nilitafuta kichwani, kwa haki kabisa, nikimtafutia shemeji na kujitafutia mwenyewe. Hakuwepo. Tulimhesabia, tukamtangaza, tukampakatisha wajukuu awabariki kwa ajili ya uzee huo. Kumuuliza hatukumuuliza.

Mhadhiri ndiye aliyeuliza. Akataka kujua, kama si vibaya kusema, siku ile anapewa jina alikuwa mkubwa kiasi gani. Bibi akafikiri kidogo. Akasema alikuwa bado analala na mama yake. Walimtoa shambani, alikuwa anaamia ndege wasile mazao, wakamwogesha, wakamkalisha, wakamweleza ya kumweleza. Yeye akili yake ilikuwa kwa ndege, wanamaliza mtama. Hayo aliyasema kwa kucheka. Kisha sauti ikabadilika.

"Kesho yake asubuhi mama yangu mzazi akaja mlangoni, akapiga magoti. Akasema, shikamoo mama. Nikalia. Mama mkubwa akanifinya, jibu. Nikasema marahaba." Akarudisha mkono kwenye pilipili. "Tangu hapo sikumwita mama tena. Alikuwa mwanangu. Nimemlea mpaka nikamzika, mwanangu."

Nimejaribu mara nyingi kuandika nilichokisikia moyoni hapo, sikiwezi. Nitasema tu kwamba nilikuwa namheshimu bibi kwa miaka ambayo haikuwa yake, na pale nikamheshimu zaidi kwa miaka yake mwenyewe. Mtoto wa kuamia ndege alibebeshwa mtu mzima akambeba, hakumwangusha hata siku moja, na lile la mahindi amelisimulia kwa usahihi kiasi kwamba mjukuu wake alipiga hesabu ikatoka sawa, tena kwa mtu aliyekwisha kufa.

Mhadhiri hakuniachia mimi kazi ya kusema. Alimwambia bibi mwenyewe, ana kwa ana, wote tunasikia.

"Bibi, wewe nakuhesabia tisini na kitu. Pengine pungufu kidogo, sina ushahidi. Mia na thelathini siwezi kuisema. Na jina sina kipimo chake."

"Sawa," akasema bibi. "Hata mimi sina."

"Na uongo?" akauliza jirani mmoja kule nyuma. Huyo naye namwelewa, alitaka kuondoka na jambo lililokamilika.

"Uongo sijausikia hapa," akasema mhadhiri.

"Tisini," bibi wa ng'ambo akadakia. "Binti kabisa. Ondoka hapo ukatuchotee maji."

Tukala. Niliona majirani wanakula bila haraka, na mmoja wao, kabla ya kuaga, akamsogelea bibi akamuuliza jambo la ukoo wa mchumba wa mwanawe, kwa sauti ya chini, kama wanavyomuuliza siku zote. Nikapumua. Mhadhiri akaaga mapema kwa sababu ya viatu vyake, mvua ilikuwa inajikusanya juu ya mlima. Aliniambia nimshukuru sana bibi, nikamwambia amekwisha kushukuru mara nyingi, zinatosha.

Shemeji ndiye alikuwa amebaki kando, hajala vizuri. Nilidhani amenuna. Wageni walipokwisha kuteremka, akaja akachutama ukingoni mwa mkeka, akawa anaokota pilipili zilizodondoka nje na kuzirudisha.

"Bibi," akasema. "Na mama? Habari ya kuzaliwa kwake, utatuambia aliyoiona yule mwenye jina, au yako?"

Bibi akazipokea pilipili mkononi mwake.

"Mama yako ni wangu," akasema. "Huyo nilimzaa mimi. Nilikuwa natoka kupalilia, mvua kama hii inayokuja, uchungu ukanikamata njiani pale kwenye kona ya mawe, na mtu wa kunishika hakuna ila huyu mtani asiye na haya."

Bibi wa ng'ambo akasogea, akaanza naye kuchambua pilipili. Mume wangu alikuwa amekaa kizingitini. Mama yao amefariki siku nyingi, na kona ile ya mawe wameipita tangu utoto bila kuambiwa. Akainuka, akaja akakaa karibu na mdogo wake, akamwomba bibi aanzie mwanzo.