Risasi za Kichwa Tundu

Mume wangu alikuwa mtu wa kuchagua. Kwetu Unguja alikuwa akisimama mbele ya samaki mmoja mpaka muuzaji anaudhika, na mimi nikimcheka. Tulipofika Muscat baada ya mapinduzi, tukapewa kibanda cha makuti kule Azaiba, hapakuwa tena na cha kuchagua. Tulikula kilichopatikana na kuvaa tulichopewa. Akabakiwa na kitu kimoja tu cha kuchagua, nacho ni risasi.

Bastola aliinunua sokoni Matrah kwa bangili zangu, na sikumkatalia. Siku walipotuvunjia mlango Unguja hakuwa na hata fimbo mkononi, na mdogo wake aliuawa ukumbini, yeye anatazama. Tangu siku hiyo hakulala usingizi wa kweli. Nilidhani akiwa na bastola chini ya mto atalala. Hakulala. Aliikumbatia tu.

Risasi mpya watu kama sisi hatukuzipata, kwa hiyo alizijaza mwenyewe. Maganda yaliyokwisha kupigwa aliyapata kwa mtu mmoja, fataki za kuwashia kwa mwingine, baruti kwa mwingine, akatandaza vyote juu ya mkeka wangu wa kulia chakula. Shida yake ilikuwa vichwa vya risasi. Dukani kulikuwa na vya aina mbili: vya mviringo, vizima, na vingine vyenye tundu kwenye ncha, kama shanga iliyotobolewa ikaachwa nusu. Alikuja na vyote, akakaa navyo wiki nzima. Akivigeuza, akivipima kwa mizani ya sonara aliyoiazima, akivipanga, akivipangua. Mtoto wetu wa kike, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, nilimfunga kamba kiunoni asifike pale mkekani. Nilivichukia vile vidude kuliko ninavyoweza kusema.

"Mbona huamui?" nikamuuliza.

"Nnafikiri," akasema. "Hii nzima ikimpiga mtu inampita. Ikishampita inapita na makuti, inakwenda kwa jirani. Na jirani ana mtoto mchanga. Hii ya tundu inafunguka ndani ya mtu, inabaki humo humo."

"Ndani ya mtu gani, bwana? Nani anakuja?"

Akachagua za tundu. Uchungu wenyewe ni kwamba alizichagua kwa huruma. Alikuwa bado mtu mwema, na wema wake wote ulikuwa umeingia humo.

Siku zile tulikuwa tukimngoja ami yake kutoka bara ya Oman, kaka wa marehemu baba yake. Hatukuwa na mtu mwingine. Bila ya mkubwa wa kabila kusimama mbele ya wali, mtawala wa pale, akasema hawa ni watu wangu, sisi tulikuwa wageni wa kufukuzwa saa yoyote, wenye majina ya Kiomani na Kiarabu cha kubabaisha. Ami alikuwa na nyumba ya babu yao na shamba la mitende. Alituma salamu kwamba atakuja Ijumaa kutuchukua. Kutuchukua, ndivyo alivyosema. Nililia kwa furaha, nikafua kila nguo tuliyokuwa nayo.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyetuambia. Watu wa bara huko, wakimwendea mtu kwa heshima, hushuka mbali na nyumba, wakajipanga safu, wakaja kwa miguu wakiimba na kupiga bunduki hewani. Anayepigiwa nyingi ndiye aliyeheshimiwa sana. Nani angetueleza? Mtu hamwelezi mwenzake jambo analodhani amezaliwa nalo.

Tuliwatarajia baada ya sala ya Ijumaa. Wakafika asubuhi, mimi nachambua mchele. Bunduki zikalia zote pamoja upande wa barabarani. Mume wangu alinisukuma nyuma ya magunia, mimi na mtoto, akaruka mlangoni. Nikamlalia mtoto na kusema shahada, maana na mimi nilikuwa nimerudi Unguja. Kisha nikasikia kuimba. Wale waliotujia Unguja hawakuimba vile. Nikainua kichwa.

"Bwana, ni wageni," nikasema. "Ni ami yako."

Alikuwa amekwisha kuinyoosha bastola. Mbele ya safu alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, bunduki yake ameielekeza mbinguni, uso wake una furaha. Mume wangu akavuta kifyatulio, na bastola haikulia. Ile risasi ya tundu ilikuwa imekwama ikiingia mtutuni, ncha yake imenasa kwenye chuma. Akaivuta, akaipiga kwa kiganja, akamlenga tena mzee yule yule, akavuta. Kila mtu aliona. Kuimba kukakatika.

Alipowatambua, aliiteremsha bastola. Alisema maneno mengi, kwa Kiswahili, na hapana aliyemwelewa. Ami yake akashusha bunduki yake, akageuka, na wenzake wakageuka naye.

Nikachukua dele la kahawa na vikombe nikawakimbilia, kichwa wazi, nisijue ninachofanya. Nikasema kwa Kiarabu changu kibovu kwamba mume wangu ni mgonjwa, wanywe japo kikombe kimoja. Mzee alisimama.

"Rudi ndani, binti yangu," akasema. "Jua kali."

Alisema kwa upole, na kahawa hakuipokea. Kwao mtu asiyekunywa kahawa yako amekwisha kumaliza na wewe. Angenitukana ningepata la kushika. Nikasimama na dele langu mpaka lori lao likaondoka.

Kesho yake nilimkuta mume wangu mkekani na koleo. Anazifungua risasi zote, moja moja, anazing'oa za tundu na kutia zile nzima za mviringo. Nikakaa kando yake. Nilingoja amtaje ami yake, au alie, nilie naye. Nilingoja mpaka mchana.

"Kosa langu nimelijua," akasema mwishowe.

"Lipi, bwana?"

Akanishika mkono, taratibu, kama alivyokuwa akinishika zamani nikiumwa.

"Nilichagua zile za tundu," akasema. "Usiogope. Hizi hazikwami."