Mji wa Kila Jumamosi

Mwanamke huyu ni dereva wa basi. Kila Jumamosi huingia saluni kwangu na sare yake, amemshika mkono binti aliyemuasili kutoka nchi niliyozaliwa mimi. Hataki nimsuke mtoto. Anataka nimfundishe yeye kusuka, na tuongee Kiswahili tu. Vidole vyake vilivyozoea usukani hukosea, hufumua na kuanza upya, chanuo kaling'ata kwa meno. Nikimwambia aniachie nimalizie, hunikatiza: "Hapana, dada. Jumatatu asubuhi hutakuwepo."

Binti naye hutega vitendawili. "Nyumba yangu haina mlango!" Jibu ni yai, na mama analijua, kaliandika kwenye daftari mbele ya macho yangu, lakini hukuna kichwa wee, kisha husema, "Nimeshindwa, mwanangu." "Basi nipe mji!" Humpa uleule kila wiki, mji aliozaliwa binti, akiutamka taratibu mpaka umkae sawa mdomoni. Nilidhani hajui mwingine. Jana mteja mmoja akamuuliza binti, "Wewe mwenyeji wa wapi?" Akautaja bila kusita. "Ni wangu," akaongeza. "Mama amenipa."