Choo Nilichomtengenezea Mama Mkwe

Kwa miezi mitatu choo cha nyumba yetu pale mpakani Malaba kilivuja, nami nikakitengeneza kwa ahadi. Maji yalichirizika kutoka tangini mchana kutwa, na mke wangu akilalamika kuhusu ile kelele, nilimwambia ni malori ya barabarani.

Kisha mama mkwe akatuma habari: anakuja Jumamosi, mara yake ya kwanza kufika kwangu. Kazi yangu ni kuandaa karatasi za forodha za madereva, na mama huyu aliwahi kuuliza kama mwanamume wa kushika kalamu tu anaweza kushika nyumba. Niliapa kwamba choo hicho kitamjibu.

Jumamosi asubuhi niliazima spana kwa jirani. Kwa akili zangu, maji huingia kwa bomba, basi ugonjwa uko kwenye bomba. Nikakaza nati mpaka ikapasuka, maji yakanirukia kifuani. Mke wangu alifunga koki kubwa, akachukua chai ya rangi iliyobaki asubuhi, akaimimina ndani ya tangi, tukangoja. Punde maji ya bakuli la choo yakageuka ya kahawia, ingawa hakuna aliyevuta maji.

"Umeona, baba watoto? Ni hiyo rubber ya chini imeisha."

Nikakimbilia dukani na ile raba kuukuu ya kuzibia tundu la tangi mkononi, nikarudi na mpya pamoja na nati. Kufikia saa sita tangi lilikuwa kimya. Nilisimama pale nikilisikiliza, nikijipongeza kama mtu aliyejenga daraja.

Mama mkwe alifika, tukaamkiana kwa mbali, bila kupeana mikono, kama ada inavyotaka. Baada ya chai alimnong'oneza binti yake. Nikajua zamu ya choo changu imefika. Wakainuka, wakapita mlango wa choo changu, wakatoka nje, wakaenda kwa jirani.

Ndipo nikakumbuka, mimi Mluhya niliyezaliwa Busibwabo, kwamba mama mkwe haingii choo cha mkwewe.

Jioni, mgeni alipokwisha kuondoka, nilimuuliza mke wangu kama alilijua hilo tangu mwanzo.

"Si hata wewe ulijua," alisema. "Mimi nilitaka tu hiyo kelele iishe. Nimekuomba miezi tatu. Kama ni mimi peke yangu, ungetengeneza?"

Nilitaka kusema ndiyo. Niliona haya, nikachukua spana, nikaenda kuirudisha.